Mbuzi Aliyetangulia Barua

Shuleni, Kitui
4 Mei 2025

Susu,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu nausalimu ule mguu wako wa kushoto, natumaini umepunguza kelele. Msalimie Mama Peres. Mwambie matroni aliiangalia ile sweta aliyonipa akaniuliza kama mimi ni mtoto wa waziri. Msalimie pia Jackton hapo langoni. Mimi ni mzima. Muthokoi ni ule ule, mahindi mengi, maharagwe ya kutafuta na tochi.

Jambo lenyewe ni hili. Nimeanguka sehemu moja ya mtihani wa Kiingereza wa kufungua shule. Mwalimu wetu, Bwana Oloo, anasema ukitaka kujua kama umeelewa kitu, mfundishe mtu ambaye hakijui, na usimwachilie mpaka aweze kukubishia. Kila msichana amechagua mtu wa kumwandikia. Mimi nimekuchagua wewe, maana kwa kubisha sijaona anayekushinda.

Sikiliza basi. Kiingereza kina njia mbili za kuongeza maneno nyuma ya mtu au kitu. Kuna maneno yanayochagua, na kuna maneno yanayoongeza habari tu. Tuseme: The dogs which bite are tied up. Hapo hakuna koma. Maana yake mbwa ni wengi, na wale wanaouma peke yao ndio wamefungwa, wengine wanazurura. Sasa weka koma kabla ya which na nyingine baada ya bite. Umeshasema mbwa wote wanauma na wote wamefungwa. Maneno ni yale yale.

Yale ya kuchagua hayapewi koma, kwa sababu ukiyatoa, sentensi haijui tena inamsema nani. Yale ya kuongeza yanawekewa koma huku na huku, kama mishikio ya sufuria. Ukitaka unayashika unayainua, na sentensi inabaki imesimama.

Niliandika hivi kwenye mtihani: My mother who lives in Kitui weaves baskets. Sikuweka koma hata moja. Bwana Oloo akazungusha kalamu nyekundu akaniuliza mbele ya watu, "Mwongeli, kwani una mama wangapi?" Darasa likacheka. Nikamwambia wawili. Akaniangalia kidogo, akasema, "Basi hiyo iko sawa," akanirudishia maksi.

Nibishie upesi, mtihani mwingine uko karibu.

Mjukuu wako,
Mwongeli


Loresho, Nairobi
19 Mei 2025

Mwongeli,

Barua yako ilifika Ijumaa. Mama Peres aliitoa kwenye sanduku lake la posta akaileta jikoni ameishika juu kama risiti ya stima. Tuko wazima. Mguu wangu hauhitaji salamu, unahitaji mtu wa kuukanda, na huyo mtu yuko Kitui anasomea koma. Jackton amepata mtoto mwingine, msichana, amemwita Valarie, eti jina zuri. Nimemwambia kwao Siaya kuna majina ya kutosha. Amecheka tu. Mama Peres ameniuliza kama baada ya miaka yote hii ya kumpikia nimechoka kupika chapati, kwa sababu za juzi zilikuwa ngumu. Nimemwambia meno ndiyo yamechoka, si mikono.

Nyumbani Migwani mvua ilipiga vizuri. Jirani yetu Kiema amepiga simu kusema paa la nyumba kubwa linavuja upande wa jikoni. Ile nyumba ndogo haina neno, niliitia mabati mapya mwaka juzi. Ndani sijui kukoje. Kufuli ina kutu, na ufunguo hauko kwangu.

Sasa koma zako. Umefanya vizuri kuniuliza mimi. Niliishia darasa la tatu, na si kwa ujinga. Mbuzi wa baba walikosa mchungaji na mimi ndiye nilikuwa na miguu. Nimeisoma barua mara mbili, mara ya tatu nikamsomea Mama Peres. Nimeelewa. Ukisema watu wa Loresho ambao wana mbwa wakali hawatembelewi, bila koma, wale wengine bado wanaweza kupata wageni. Ukitia koma, umefunga malango yote mpaka Waiyaki Way.

Nikajaribu yangu. Nikaandika nyuma ya karatasi ya sukari: "Wachungaji, ambao wanapenda kuku, hawaji siku ya sukuma wiki." Mama Peres, ambaye shemeji yake ni mchungaji, akasema, "Kavindu, hizo koma zitoe, umewamaliza wote." Nikamwambia nimeziweka nikijua.

Umesema nibishe. Nabisha. Kwa nini Mzungu anahitaji mkia wa panya kwenye karatasi ndiyo ajue mwenzake anasema nini? Mtu akikuambia "mke wangu ambaye yuko nyumbani," hutafuti koma, unamwangalia uso. Akipumua kabla ya "ambaye," ana mmoja. Asipopumua, kuna mwingine mahali. Mwulize Bwana Oloo kama hilo liko kwenye kitabu chake.

Jingine. Mama wawili umewatoa wapi? Mimi ni susu yako. Nilikuogesha, nilikukimbiza hospitali ukiwa na homa, nilikupiga ulipostahili na siku nyingine kwa akiba. Sikukuambia hata siku moja uniite mama.

Na huyo wa Kitui, nani amekuambia anasuka vyondo, hivyo vikapu ulivyoandika? Mimi sikukuambia.

Kula. Wacha kuchagua maharagwe.

Susu wako,
Kavindu


Shuleni, Kitui
1 Juni 2025

Susu mpendwa,

Nafurahi kusikia habari za kina Jackton. Huku baridi imeanza, tunalala na soksi. Nilimsomea Bwana Oloo ile habari ya kupumua. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasema uko sahihi kabisa, koma ilianza kama pumzi. Ameandika sentensi yako ya wachungaji ubaoni, na koma zake zote. Mwalimu wa dini alipoingia kipindi kilichofuata akaisoma, akaifuta na koma zake.

Nimepata kumi na saba kwa ishirini. Nilikosa pale penye that. Hiyo that ni ya kuchagua tu, haikai na koma hata ikibembelezwa. Who na which zinakwenda pande zote mbili.

Susu, umeuliza nani aliniambia. Nitakuambia, ila usivue kiatu.

Kuna mama huleta mkonge na vyondo Jumamosi kwa darasa la sayansi kimu. Muhula uliopita tulikuwa tunapanga foleni kuchukua mkonge. Akaniuliza jina, nikamwambia Mwongeli. Akaniuliza Mwongeli wa nani. Nikasema wa Kavindu, Susu yangu, yuko Nairobi. Mkonge wote ukamwanguka. Tulipoinama kuokota nikaona meno yake, ana mwanya kama wangu, pale pale. Anaitwa Kasyoka.

Hajaniambia kitu kibaya. Hajaniambia kitu kizuri pia, anaogopa. Huwa ananipa ndizi na kuniuliza wewe unaendeleaje. Kila Jumamosi ni hilo tu, "Susu yako anaendeleaje?" Nilipomwuliza kwa nini aliondoka, alisema, "Hilo muulize mwenye nyumba."

Basi namuuliza mwenye nyumba. Na naomba ruhusa, nusu muhula niende kwake siku mbili. Si mbali na shule.

Wako,
Mwongeli


Loresho, Nairobi
14 Juni 2025

Mwongeli,

Salamu zako zimefika. Hapa ni baridi ya kuvaa kanga mbili. Mama Peres amenunua jiko la gesi jipya lenye kuwaka lenyewe, mimi naliwasha na kiberiti ili lisinizoee. Jumapili nilienda kanisani Kangemi, kwaya iliimba vibaya. Nilishuka mjini Jumanne kununua kamba ya kuanikia nguo, na pale kwa mabasi ya Kitui nikasimama kidogo, sikuwa na safari.

Kumi na saba si mbaya. Zile tatu ziko wapi?

Hiyo that nimeipenda. Inajua inamtaka nani na haipumui. Hao kina who wanaokaa popote walipowekwa ndio wa kuangaliwa.

Nusu muhula utakuja Nairobi. Serikali ndiyo ilikupeleka shule ya huko, si mimi. Mimi ningekuweka hata hapa Kileleshwa ungekuwa unakuja na miguu. Nimekuwekea unga wa wimbi na nyama ya kukausha. Godoro lako nimelianika.

Kuna mambo mengine umeandika kwenye barua. Nimeyaona. Sina macho mabaya.

Susu


Shuleni, Kitui
20 Juni 2025

Susu,

Naandika haraka. Walimu wanasema wiki ya nusu muhula Nairobi kuna maandamano, na wasichana wa huko wanaweza kubaki shuleni wakisoma. Nitabaki. Nyama mpe Jackton, wimbi niwekee.

Usikasirike.

Mwongeli


Kwa Kasyoka, Kitui
29 Juni 2025

Susu wangu,

Nisalimie wote. Barua hii naiandika nikiwa nimeketi juu ya kinu, kwa sababu viti viwili vya hapa vimejaa vyondo.

Umeshaiona anwani hapo juu. Sikubaki shuleni. Nilidanganya, na nikija Agosti utanifanya unavyotaka, kiatu nitakuletea mwenyewe. Lakini nilitaka kumwona akipika, akigombana na kuku, akiwa mtu wa kawaida. Na ni mtu wa kawaida. Anakoroma. Anaongea na sufuria kama wewe. Juzi ugali ulishika chini akaukemea, "Nani amekutuma?" Susu, hayo ni maneno yako, na sauti yako. Nilicheka mpaka akaniuliza kama naumwa.

Anaishi hapa peke yake kwenye boma la marehemu baba yake. Hana bwana. Kuna kanisa jipya aliwahi kuingia, aliliacha zamani, sasa anasali AIC kama sisi.

Kuhusu mambo yenu hakunieleza mengi. Alisema tu, "Sikukutupa. Nilikuacha mahali ambapo nilijua utakemewa na kushiba." Nikamwambia akupigie simu kwa namba yako, nikamwandikia. Aliishika simu mpaka taa yake ikazima. Akasema hawezi kuanza na maneno, ataanza na kitu.

Ndiyo maana leo jioni tulipeleka mbuzi kwa kondakta wa basi la kesho alfajiri. Ni zawadi. Yeye ndiye alimchagua zizini, akawapita wengine wote wanono, akasema huyu hapa Kavindu atamjua. Kondakta ana namba yako. Barua hii naitia posta kesho nikirudi shule. Nimepiga hesabu, mbuzi ataitangulia kwa siku chache tu, natumaini hukushtuka uliposikia mlio wake.

Na Bwana Oloo anakusalimu. Anasema ukiwa na sentensi nyingine usimfiche.

Wako ambaye amekosa, na koma weka unapotaka,
Mwongeli


Loresho, Nairobi
2 Julai 2025

Mwongeli,

Sina salamu leo. Mama Peres ni mzima, Jackton ni mzima.

Jumatatu nilipigiwa simu na mtu. "Mama Kavindu, kuja uchukue mzigo wako hapa kwa steji, imekula kiti." Nikamwuliza mzigo gani unakula kiti. "Mbuzi. Imetumwa na Kasyoka, kutoka Kitui." Nikakaa kwenye ngazi ya jikoni. Mama Peres akadhani kuna aliyekufa.

Nilienda na Jackton kwa gari la binamu yake. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye nguzo katikati ya mji, watu wanampita na mifuko yao ya kompyuta. Ni mweupe, sikio la kushoto jeusi. Nikamjua mara moja. Jackton aliuliza, "Mama, hii mbuzi ni ya nini?" Nikamwambia amshike pembe vizuri, tunapita Westlands.

Sasa nitakuambia ulichokuwa unauliza, maana hakuna tena cha kuficha.

Babu yako Nzomo alikufa kabla hatujapata mtoto. Boma lisilo na mtoto huzimika kama taa. Kwetu, mwanamke aliyeachwa hivyo anaweza kuoa mwanamke, ili azae watoto wa jina la nyumba ile. Huyo aliyeolewa tunamwita iweto. Wakamba wote wanajua, hata wale wanaojifanya hawajui. Mimi Kavindu nilioa. Nilimwoa Kasyoka. Nilipeleka mbuzi wa ntheo kwa baba yake, na bila hao hakuna ndoa, hata askofu akubariki na maji ya pipa zima. Mmoja wao alikuwa mweupe, sikio jeusi. Nilimchagua mwenyewe.

Nilimjengea ile nyumba ndogo. Akakuzaa wewe. Ukaniita susu, kwa sababu kwa mila yeye ni mke wa mtoto ambaye sikumzaa. Nilikuwa nafanya kazi Nairobi na kurudi mwisho wa mwezi, na nikirudi tulikuwa tunaongea mpaka mafuta ya taa yanaisha. Halafu akaingia kanisa jipya, wakamwambia mwanamke kuoa mwanamke ni dhambi. Walifikiri ni yale mambo ya magazeti. Mimi nilitaka mjukuu na mtu wa kuongea naye jioni. Akaenda kwao. Wewe ukabaki, kwa sababu mtoto ni wa nyumba.

Watu wakaniambia, Kavindu, mke wako ameondoka. Nikawauliza mbuzi yuko wapi. Kwa sababu kwetu mwanamke akiikataa ndoa, kwao wanarudisha mbuzi mmoja, mbuzi wa kukataa. Siku huyo mbuzi anapoingia boma lako, yameisha. Kabla ya hapo, hata mtu akae ng'ambo miaka yote, ni wako, yuko safarini tu. Kwao hawakurudisha. Mwaka ukaisha, na mwingine, mbuzi hakuja. Nikatia mabati kwenye nyumba yake. Kufuli yake sikuivunja. Nilikuwa najua ninachongoja na ninachoogopa, na ni mnyama mmoja.

Amekuja. Tena amenitumia wa kizazi kile kile, sikio na rangi, ili nisijidanganye.

Na wewe ulikuwa huko, maana kondakta aliniambia mbuzi aliletwa na mama na msichana wa sare. Ulimshika kamba. Sikugombezi. Umepata mama yako aliyekuzaa, mwenye mwanya wako. Iandike ile sentensi yako upya. Weka koma zote mbili. Una mama mmoja, anakaa Kitui, anasuka vyondo.

Shule ikifungwa nenda kwake au uje huku, utakavyoona. Wimbi liko.

Kavindu


Shuleni, Kitui
13 Julai 2025

Susu, Susu, Susu,

Barua yako nimepewa jana, na yangu ya tarehe ishirini na tisa sijui kama umeipata. Matroni anasema mji ulifungwa na posta imelala. Kama hujaipata, isome hii kwanza: mbuzi ni zawadi. Ni zawadi tu. Mimi sikujua mila yoyote ya mbuzi wa kukataa, ni nani angeniambia na wewe ulikuwa unasema "alienda" na kufunga mdomo? Ningejua ningetuma kuku.

Jana ilikuwa Jumamosi. Alipokuja na mkonge nilimtoa kwenye foleni nikamsomea barua yako pale nyuma ya tangi la maji. Yote, mpaka wimbi. Nilipofika pale pa mbuzi kwenye nguzo alikaa chini juu ya vyondo vyake, vikabonyea. Akacheka. Halafu akawa hacheki tena. Nilimpa leso yangu, akapenga kamasi, akaanza kukusema. Naandika alivyosema, usinilaumu mimi.

"Kavindu amezeeka. Mbuzi wa kukataa analetwa na basi? Analetwa na wazee, mchana, wanaingia wamevaa makoti, wanakataa hata chai. Nani amewahi kukataa ndoa kwa kondakta? Na mwulize, yeye aliyechunga mbuzi kabla ya kujua kusoma, hakuona tumbo? Hakuna Mkamba anayerudisha mbuzi mwenye mimba. Ukikata, unakata, huzidishi."

Nikamwuliza kwa nini basi alimchagua mwenye sikio jeusi. Akasema huyo ni mjukuu wa yule uliyempeleka wewe. Baba yake Kasyoka alitaka kumrudisha yule wa kwanza kwako mwaka ule Kasyoka alipotoka. Wazee walikuwa wameshavaa makoti. Usiku wake yeye akamtoa zizini akamficha kwa shangazi yake, asubuhi kukawa hakuna mbuzi, safari ikafa. Baba yake hakumsemesha mpaka mvua iliyofuata. Tangu hapo amekuwa akiwalea wa uzao huo, hajauza hata mmoja. Alifikiri ukiliona sikio utaelewa kwamba bado wapo.

Hataki nikuombe chochote. Ameniambia niulize kitu kimoja, kama pale nyumba ndogo ni kufuli ile ile.

Sentensi yangu sijaigusa. Nangoja uniambie.

Mwongeli wako


Loresho, Nairobi
24 Julai 2025

Mwongeli,

Pokea salamu kutoka kwangu, kwa Mama Peres, kwa Jackton na mtoto wake Valarie, ambaye ana pumu kidogo lakini ananyonya vizuri. Pokea pia salamu za watu wengine wawili ambao huwajui, nitafika huko. Barua hii nampa yule kondakta wa kiti, posta siiamini tena. Nimemnunulia soda ili asahau hicho kiti.

Ile barua yako ya mwezi wa sita ilifika kwanza, tarehe kumi na moja. Utauliza kwa nini sikujibu. Nilikuwa na kazi.

Na mimi sikukasirika. Nani alikuambia nilikasirika? Nilikuwa naeleza mila, kwa sababu uliuliza. Tumbo nililiona. Nilidhani ni majani ya Kitui, mbuzi wa huko wakifika Nairobi hujaa upepo. Mwambie Kasyoka nilichunga mbuzi yeye akiwa hajaandikwa hata angani, na asinifundishe.

Mbuzi alizaa Jumapili, nikiwa kanisani. Nilirudi nikakuta Jackton ameacha lango wazi, amepiga magoti nyuma ya chumba changu, shati amelivua, na Mama Peres mwenyewe kiatu kimoja mguuni. Mapacha. Jike na dume. Jike ana sikio jeusi. Jackton alisema, "Mama, hii ndogo imenitambua." Nikamwambia mbuzi hamtambui mtu aliyevua shati.

Mama wao amekula waridi za Mama Peres mpaka kwenye kisiki. Tena si za nyuma, ni zile za mbele. Chama cha wakaazi kimeandika barua kwa Kiingereza kusema mifugo hairuhusiwi Loresho. Mama Peres alinisomea. Wameandika "animals which make noise." Nikamwuliza kuna koma? Akaangalia, akasema hakuna. Basi nikamwambia, waandikie uwaulize yetu inapiga kelele gani kushinda mbwa wao. Ameandika. Amefurahi kuliko siku ile ya jiko la gesi. Lakini najua tutashindwa, na hao watoto wanahitaji kuruka mahali penye mawe.

Kwa hivyo nimeamua. Tarehe moja Agosti mkifunga shule, nitakuwa langoni. Binamu ya Jackton atatuleta na gari lake, mimi mbele, mbuzi nyuma. Usibebe sanduku peke yako, ningoje.

Nimekuja kwa lile jambo la kumficha mbuzi kwa shangazi. Nililisoma, nikaikunja barua, nikaenda kufua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Miaka yote nilidhani kwao walisahau, au wanaona aibu, au wamemla. Kumbe kuna mtu aliamka usiku. Hilo usimwambie kwamba nimelisema. Mwambie tu mapazia ya Mama Peres ni safi.

Kuhusu sentensi yako, niliandika kwa haraka na taa ilikuwa inazimika-zimika. Iache ilivyo, bila koma. Bwana Oloo akikuuliza tena una mama wangapi, mwambie aje Migwani ahesabu. Mimi bado ni susu, hilo halibadiliki, usianze kuniita mama mbele ya watu nikakosa pa kuweka uso. Kwenye karatasi ni sawa.

Kutoka shuleni hatutakuja Nairobi kwanza. Tutapita Migwani kuwaacha hao mbuzi, na mbuzi hawawezi kukaa boma ambalo halina mtu. Kiema ana mambo yake. Mwambie Kasyoka akija asilete vyondo vyote, nyumba ni ndogo, anaijua. Alete sufuria yake hiyo anayoongea nayo. Paa halivuji. Ndani nadhani kuna vumbi, sijaingia.

Na ameuliza kitu kimoja. Mwambie ni ile ile. Aje na ufunguo na mafuta kidogo ya kulainisha kutu.

Susu wako,
Kavindu